John Mercer: mfumaji aliyeupa uzi wa pamba nguvu mpya

Chukua kibunda cha uzi wa kudarizi, ule unaong'aa kama hariri ingawa ni pamba tupu. Kwenye karatasi iliyouzunguka mara nyingi kuna neno refu la Kiingereza linaloanza kwa jina Mercer. Mafundi wengi wa cherehani, na akina mama wanaofuma vitambaa vya mezani, wamelisoma neno hilo miaka nenda rudi bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Mtu huyo ni John Mercer wa Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1791 akafariki mwaka 1866. Alianza kazi ya kijungujiko akiwa na miaka tisa. Alipokuwa na miaka 53, alimimina kostiki juu ya kitambaa cha pamba akiwa anatafuta jambo jingine kabisa.

Wasikilizaji wetu wanaotengeneza sabuni wanaijua kostiki. Ikikurukia mkononi inachoma. Sufu ya kondoo ikichemshwa ndani yake inayeyuka na kupotea. Mtu yeyote angetegemea kitambaa cha Mercer nacho kiliwe kiishe. Badala yake kilisinyaa, kikawa kinene, na baadaye kikaonekana kuwa imara kuliko kilivyokuwa. Makala hii inaeleza maisha ya mtu huyo, na kwa nini kemikali kali inaweza kuudhoofisha uzi wa pamba au kuutia nguvu, kutegemea ni kemikali gani na imetumiwa vipi.

Mtoto wa bobini

Great Harwood, karibu na mji wa Blackburn, palikuwa mahali pa wafumaji. Sauti ya kitanda cha mfumi ilisikika nyumba kwa nyumba. Mercer alizaliwa hapo, mtaa wa Dean, tarehe 21 Februari. Baba yake alifanya kazi za pamba kabla ya kugeukia kilimo, na alifariki John akiwa bado mdogo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha uzi kwenye bobini, saa baada ya saa, ili mfumaji asikose uzi. Baadaye akawa mfumaji mwenyewe. Kusoma na kuandika alifundishwa akiwa na miaka kumi na mfanyakazi wa kiwanda cha kuchapa nguo, na hesabu akaisoma baadaye hivyo hivyo, kwa mtu aliyejitolea kumfundisha.

Miaka ile ya bobini haikupotea bure. Mtoto anayepitisha uzi vidoleni kutwa nzima anaujua kuliko anavyoweza kueleza, kwa hiyo tusimame kidogo hapa tuutazame uzi wenyewe.

Pamba ikishachambuliwa mbegu, kinachobaki ni nywele laini zenye urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Hakuna unywele unaoweza kwenda urefu wa mita moja ya uzi. Kinachozishika pamoja ni msokoto. Ukisokota, nywele zinabanana, na msuguano kati yao unazizuia zisiponyokane. Aliyewahi kusokota kamba ya katani pajani anajua jambo hili. Kamba iliyolegea haikatiki kwa nywele zake kukatika, bali kwa kuponyoka. Tazama mahali ilipoachia, utakuta nywele nyingi bado ni nzima.

Ukiongeza msokoto, nguvu inaongezeka, lakini kuna mpaka. Ukizidisha, uzi unajikunja vifundo, na nywele zinalala mshazari badala ya kufuata urefu wa uzi. Kila unywele hapo unachangia sehemu ndogo zaidi ya nguvu yake. Ndiyo maana msokotaji mzuri hasokoti mpaka mkono uchoke. Anaacha pale uzi unapokuwa katika hali yake bora. Ukiunganisha nyuzi mbili ukazisokota pamoja unapata faida nyingine, kwa sababu pale uzi mmoja ulipo mwembamba, mwenzake mara nyingi ni mnene.

Wafumaji wa siku za Mercer walikuwa pia na kazi ya kupaka uji wa unga kwenye nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandazwa kwa urefu kwenye kitanda cha mfumi. Uji hauufanyi unywele wa pamba kuwa imara zaidi. Unazilaza na kuzigundisha nywele zinazochomoza, ili uzi usichubuke unaposuguana na kitanda mara elfu na elfu. Kitambaa kikiisha kufumwa uji unaoshwa, na nguvu iliyobaki ni ya pamba yenyewe.

Hata maji yana kazi yake. Pamba iliyolowa ni imara kuliko pamba kavu, jambo ambalo nyuzi nyingi nyingine hazina. Unaweza kulijaribu nyumbani kwa kuvuta uzi mmoja wa pamba ukiwa mkavu, kisha mwingine kama huo ukiwa umelowa.

Gauni la rangi ya chungwa

Mwaka 1807, Mercer akiwa na miaka 16, alimkuta mama yake, ambaye alikuwa ameolewa tena, amempakata mdogo wake wa kambo aliyevaa gauni la rangi ya chungwa. Rangi ile ilimteka. Kuanzia siku hiyo alitaka kujua watu wanatiaje rangi kwenye nguo. Alianza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea, na haikuchukua muda akawa na mahali pake padogo pa kuwatilia rangi wafumaji wa jirani.

Mwaka 1809 akachukuliwa kuwa mwanagenzi katika chumba cha rangi cha kiwanda cha Oakenshaw, mali ya ndugu wa ukoo wa Fort. Alidumu miezi kumi tu. Napoleon alikuwa amefunga bandari za Ulaya kwa bidhaa za Uingereza, biashara ya nguo ikaanguka, na kijana akarudi kwenye kitanda cha mfumi.

Mwaka 1814 alikwenda Blackburn kutafuta kibali cha ndoa. Akiwa huko alipita penye vitabu vilivyotumika, akakiona kitabu kidogo cha kemia, akakinunua. Mwandishi wake alikuwa James Parkinson, daktari wa London, yule yule ambaye jina lake leo linatumika kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mercer alirudi nyumbani na kibali cha ndoa na kitabu cha kemia, na vyote viwili alidumu navyo.

Miaka mitatu baadaye alipata njia ya kuchapa rangi ya chungwa kwenye kitambaa cha pamba kwa kutumia antimoni. Ilikuwa rangi ya gauni lile lile. Ndugu wa Fort walipoona kazi hiyo walimwita tena Oakenshaw mwaka 1818, safari hii kama mkemia wa majaribio. Mwaka 1825 wakamfanya mbia. Mtoto wa bobini akawa mmoja wa wenye kiwanda.

Kitambaa kilichoungua bila moto

Ili kuelewa kwa nini jambo la mwaka 1844 lilishangaza, inafaa kujua wenye viwanda waliogopa nini.

Kitambaa cha pamba kikitoka kufumwa kina rangi ya kikahawia hafifu. Zamani kilipaushwa kwa kutandazwa nyasini juani kwa wiki na miezi. Mwaka 1799 ikaja poda ya klorini, na kazi ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini poda hiyo ina hatari yake. Klorini haiondoi rangi tu. Ikiwa nyingi mno, au ikiachwa muda mrefu, inaanza kuishambulia pamba yenyewe. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba, imejengwa kama minyororo mirefu sana, na klorini inaikata minyororo hiyo vipande. Kitambaa kinatoka cheupe na kizuri, kisha kinapasuka mikononi.

Jambo hilo bado lipo majumbani mwetu. Shati jeupe linalolowekwa kwenye dawa ya klorini usiku kucha, kila wiki, halichakai kwa kuvaliwa bali kwa kuloweshwa. Dawa kidogo, kwa muda uliotajwa kwenye chupa, na kusuuza vizuri, inatosha.

Asidi ni mbaya zaidi, kwa sababu uharibifu wake hauonekani upesi. Tone la maji ya betri likidondokea suruali ya pamba, mwanzoni huoni kitu. Maji yanakauka, asidi inabaki na kuzidi kuwa kali, na baada ya siku chache kuna tundu. Katika viwanda vya kupaushia nguo asidi hafifu ilitumika sana, na kusuuza kubaya kulitosha kuharibu marobota.

Kulikuwa pia na uharibifu wa kimitambo. Kitambaa kinachokwaruzwa kwa meno ya waya ili kiwe na manyoya ya joto, kama flaneli, kinapoteza nguvu kwa sababu nywele zinachomolewa kutoka kwenye msokoto wake. Mnunuzi anapata ulaini, na analipa kwa uimara.

Kwa hiyo mtu wa nguo wa wakati huo alikuwa na akili ya tahadhari: kila dawa inapunguza kitu, na ustadi ni kupata rangi au weupe unaoutaka kabla uzi haujaoza.

Chujio la mwaka 1844

Mercer alikuwa na swali la kemia lililomsumbua. Alitaka kujua namna maji yanavyoshikamana na vitu vilivyoyeyushwa ndani yake. Aliwaza kwamba kimiminika kikilazimishwa kupita kwenye vijitundu vyembamba sana, huenda sehemu zake zingepita kwa kasi tofauti na kujitenga. Akatengeneza chujio la kitambaa cha pamba kizuri kilichopaushwa, akakikunja mara sita, akamimina juu yake maji mazito ya kostiki.

Yalipita polepole mno. Alipoyapima yaliyotoka chini, akakuta yamekuwa mepesi. Lita moja ya maji ya kawaida ina uzito wa kilo moja. Yale ya kostiki yalipoingia yalikuwa na uzito wa kilo 1.300 kwa lita, na yalipotoka yalikuwa 1.265. Sehemu ya kostiki ilikuwa imebaki njiani.

Ndipo akakitazama kitambaa. Kilikuwa kimesinyaa kwa urefu na kwa upana, kimekuwa kinene, na kilipitisha mwanga kidogo kama karatasi iliyopakwa mafuta. Mtu mwingine angelitupa chujio lililoharibika akatafuta jingine. Mercer aliacha swali la maji akaanza kuuliza swali la pamba.

Hakuwa na muda wa kulifuata mara moja, kwani kiwanda kilimhitaji. Mwaka 1848 ubia wa Oakenshaw ulivunjwa, naye alikuwa ameshapata mali ya kumtosha. Akarudi kwenye majaribio yake. Aligundua kwamba baridi inasaidia: kostiki ikiwa ya ubaridi, hata iliyopunguzwa makali kidogo inafanya kazi ile ile. Aligundua kwamba asidi ya sulfuriki, ikiwa ya kiwango maalumu na ikioshwa upesi, inaleta mabadiliko yanayofanana. Na aliona mambo mawili ambayo mwenye kiwanda yeyote angeyataka. Kitambaa kilichopitia kostiki kilikuwa kigumu kukichana, na kilinywa rangi kwa pupa, kiasi kwamba rangi kidogo ilitoa wekundu au ubuluu uliokolea.

Mwaka 1850 akaandikisha hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi. Mwaka uliofuata alipeleka vitambaa vyake kwenye Maonyesho Makubwa ya London na kupewa medali. Inasimuliwa kwamba Wafaransa walikuwa tayari kumlipa pauni 40,000 kwa ugunduzi huo, fedha nyingi ajabu kwa wakati ule, na hakuuza. Mwaka 1852 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Ni heshima kubwa kwa mtu ambaye kitabu chake cha kwanza cha kemia alikinunua kikiwa kimetumika.

Kwa nini viwanda havikuitaka

Ukidhani baada ya hapo viwanda vyote vya Lancashire vilikimbilia kostiki, umekosea. Karibu hakuna aliyeitumia.

Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Kostiki ya wakati ule ilikuwa ghali. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ilitokana na jambo lile lile lililomvutia Mercer: kitambaa kilisinyaa. Nguo iliuzwa kwa yadi. Mwenye kiwanda akiingiza yadi 100 anatoa yadi 75 au 80. Kitambaa hicho ni kinene na imara, sawa, lakini ni kifupi kwa robo, na mnunuzi sokoni anapima kwa fimbo ya yadi. Hapimi nguvu.

Hapa nadhani Mercer alizuiwa na namna yake mwenyewe ya kutazama. Kwake, kusinyaa kulikuwa sehemu ya faida: nyuzi zinakaribiana, kitambaa kinakaza, uzi mmoja unakuwa mnene zaidi. Alikiacha kitambaa huru ndani ya kostiki, kijikunje kinavyotaka. Wazo la kukivuta kikiwa ndani ya kostiki halikuchukua nafasi katika kazi yake, na ndilo lililokuwa ufunguo.

Miaka yake ya mwisho Lancashire ilikuwa na shida nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilizuia pamba kuvuka bahari. Viwanda vilifungwa, na familia za wafumaji zilisimama kwenye foleni za msaada wa chakula. Kumbukumbu ya njaa hiyo haikufutika. Mwanzoni mwa karne ya 20, wenye viwanda wa Lancashire, wakiogopa kutegemea pamba ya nchi moja, walianzisha chama cha kutafuta pamba katika makoloni. Mbegu zilizogawiwa kwa wakulima wa Uganda zilitokana na hofu hiyo.

Mercer hakuyaona hayo. Alifariki Oakenshaw tarehe 30 Novemba 1866, akiwa na miaka 75. Aliacha rangi nyingi zilizokuwa zikitumika viwandani, na ugunduzi mmoja ambao ulikuwa umelala kabatini.

Kuvuta ndiko kulikokosekana

Ulilala zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Mwaka 1889 na 1890, mkemia Mwingereza aitwaye Horace Lowe alifanya jambo dogo. Aliizuia pamba isisinyae, kwa kuishika ikiwa imevutwa ndani ya kostiki na wakati wa kuisuuza. Urefu haukupotea. Na kikatokea kitu ambacho hata Mercer hakukiona: pamba iling'aa.

Lowe naye hakupata mtu wa kumsikiliza. Aliziacha hataza zake zife. Mwaka 1895, watia rangi wawili wa mji wa hariri wa Krefeld nchini Ujerumani, Thomas na Prevost, walifika mahali pale pale kwa njia yao. Wao walikuwa katikati ya wafanyabiashara wa hariri, kwa hiyo thamani ya mng'ao waliielewa mara moja. Biashara ikalipuka. Madai yao ya hataza yalipingwa kwa sababu Lowe alikuwa ametangulia kuandika, lakini kazi yenyewe ilikuwa imeshashika njia, na ikapewa jina la Mercer.

Kinachotokea ndani ya uzi ni hivi. Unywele wa pamba ukiwa bado kwenye tumba ni mviringo kama mrija. Tumba likipasuka na unywele kukauka, unabonyea na kujipinda, kama mpira wa ndani wa baiskeli usio na upepo uliosokotwa. Pale unapogeuza upande wa kujipinda pana udhaifu, na mara nyingi ndipo unapokatikia. Ukiingia kwenye kostiki kali na baridi, ukuta wake unavimba, unywele unajikunjua na kurudi kuwa mviringo. Udhaifu wa mapindo unapungua, na mzigo unagawanyika sawasawa zaidi. Minyororo ya selulosi inalegea kisha inajipanga upya kwa mpangilio ambao haurudi nyuma hata kostiki ikioshwa.

Kama uzi umeachwa huru, unasinyaa, unanenepa na kuwa wa kunyumbulika, unaovutika zaidi kabla ya kukatika. Kama umevutwa, minyororo inajipanga zaidi kufuata urefu wa uzi, na nguvu ya kuhimili mvuto inapanda, kwa kawaida kiasi cha asilimia 15 hadi 25. Mng'ao nao unatokana na ule uviringo: unywele uliobonyea hutawanya mwanga ovyo, na wa mviringo huurudisha kama kioo. Kazi hii hupendeza zaidi kwenye pamba ya nywele ndefu, kama ile ya Misri.

Kwa hiyo kemikali peke yake ilitoa nusu ya jibu, na mkono wa mashine ukatoa nusu nyingine. Kostiki hailingani na klorini wala asidi iliyokauka nguoni, kwa sababu ikiwa baridi, na ikikaa kwa muda mfupi, haiikati minyororo ya selulosi, bali inaivimbisha tu. Lakini ikichemshwa pamoja na pamba mbele ya hewa, mambo hugeuka. Hewa moto ndani ya kostiki inaiunguza selulosi, na ndiyo maana viwandani pamba huchemshwa kwenye mapipa yaliyofungwa. Na baada ya kostiki uzi husuuzwa ukiwa bado umevutwa, hutiwa asidi hafifu ili kuua mabaki ya kostiki, kisha husuuzwa tena na tena. Asidi hiyo isipotolewa yote, kazi nzima inaharibika kwenye kamba ya kuanikia.

Tafadhali usijaribu haya nyumbani. Kostiki ya kiwango hicho, karibu robo ya uzito wa maji yake, inaweza kupofusha jicho kwa tone moja.

Wapo wanaouliza kuhusu mashati ya kisasa ambayo hayahitaji pasi. Hayo yamepitia dawa ya aina nyingine, inayofunga minyororo ya selulosi mmoja na mwingine kama vijiti vya ngazi. Shati halikunjamani kwa sababu minyororo haiwezi kuteleza. Lakini uzi usioweza kuteleza hauwezi pia kugawana mzigo, na shati la namna hiyo linaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu zake, wakati mwingine zaidi. Kola na pindo za mikono ndizo hupasuka kwanza. Fundi anayeshona sare za shule, zinazovutwa na kufuliwa kila siku, ana sababu ya kuuliza kitambaa kimepitia dawa gani, na uzi wa kushonea ni wa namna gani.

Nguo za Oakenshaw hazipo tena sokoni. Katikati ya Great Harwood, alikozaliwa Mercer, kuna mnara wa saa uliojengwa mwaka 1903 kwa kumbukumbu yake. Kufikia wakati huo ilikuwa imepita miaka minane tangu viwanda vianze kung'arisha pamba kwa njia yenye jina lake, na miaka 59 tangu alipolitazama chujio lililosinyaa.